Mshika Rejista: Waliosimamia Mabaraza na Mahakama za Mgeta

Mtu wa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, anayeteremka mjini Morogoro kukata rufaa hupita jirani na Mzumbe. Barabara inashuka kutoka Nyandira na Langali, kona baada ya kona, mpaka Sangasanga inapoungana na barabara kuu ya Iringa, na chuo kiko maeneo hayo hayo. Abiria wengi wanakijua kama Chuo Kikuu Mzumbe. Wachache wanakumbuka kuwa Waingereza walikifungua mwaka 1953 kikiwa Shule ya Serikali za Mitaa, mahali pa kuwanoa machifu, madiwani na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Kwa maneno mengine, watu wa kuendesha mabaraza ya milimani walikuwa wakipikwa chini kidogo tu ya milima yenyewe.

Historia ya mahakama kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya majaji. Ya Mgeta, na ya Uluguru kwa jumla, ingefaa isimuliwe kwa kumfuata mtu mwingine: yule anayepokea madai, anayefungua jalada, anayetuma wito na kuamua nani asikilizwe leo na nani arudi wiki ijayo. Vyeo vyake vimekuwa vingi. Amewahi kuitwa karani wa akida, karani wa baraza na karani wa mahakama. Leo kazi zake zimegawanywa kati ya wasaidizi wa kumbukumbu na watendaji wa mahakama. Huyu ndiye aliyeshika daftari, na katika nchi ambayo mila yake ya ardhi haikuwahi kuandikwa na serikali, daftari lilikuwa na uzito kuliko wengi walivyodhani.

Kabla ya daftari palikuwa na wazee. Waluguru, wenyeji wa milima hii, hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ni ya lukolo, chini ya mkuu wake. Mume anaweza kulima shamba la ukoo wa mkewe maisha yake yote lisiwe lake. Mwanamume anaweza kuwapa watoto wake shamba la ukoo wake mwenyewe wakalitumia, lakini siku akifa wapwa wake, yaani watoto wa dada zake, wana haki ya kulidai lirudi nyumbani. Mgeni aliyepewa kipande cha kulima alitoa ngoto, zawadi ndogo kwa mkuu wa ukoo. Kiasi chake hakikuwa na maana kubwa. Maana yake ilikuwa kukiri mbele ya watu kwamba shamba lina wenyewe. Kupanda miti ya kudumu kwenye ardhi ya kuazima ilikuwa balaa, kwa sababu mti unaishi kuliko makubaliano.

Mashauri ya namna hiyo yalisemwa hadharani, na ushahidi ulikuwa vichwani mwa wazee waliokumbuka nani alifyeka msitu upande upi wa mto. Mzee mwenye kumbukumbu nzuri alikuwa masjala nzima.

Wajerumani walileta karatasi. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na boma likawa mahali pa kusikilizia mashauri ya watu weusi mbele ya afisa wa wilaya. Chini yake walikuwepo maakida, wengi wao watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika, na chini yao majumbe. Serikali hiyo iliendesha mambo yake na wenyeji kwa Kiswahili, na kwa ajili hiyo ilikuwa imefungua shule Tanga mwaka 1892 kuandaa makarani na wakalimani. Kwa Mluguru wa mlimani hali ilikuwa ngeni mara mbili. Shauri lake la shamba la mama zake liliamuliwa kwa lugha ya pwani, na mtu asiyejua lukolo ni nini. Hata hivyo Kiswahili kilikaa. Tangu enzi hizo mpaka leo, karatasi ya shauri la kijijini Mgeta imekuwa ya Kiswahili, wakati mahakama za juu zilikuwa bado zikiandika Kiingereza kitupu.

Waingereza walipochukua nchi walianza na Mahakama Kuu, mwaka 1920. Kisha akaja Gavana Donald Cameron mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji iliyowafanya machifu kuwa mkono wa serikali. Uluguru ilikuwa na tatizo moja: haikuwa na mfalme. Ilikuwa na koo nyingi, kila mmoja na mkuu wake, na wachache kama Kingalu wa Kinole waliojulikana mbali kwa habari za mvua. Serikali ilitaka mtu wa kumwandikia barua, basi wakasimikwa masultani, na chini yao wandewa wa kusimamia maeneo. Mndewa alikusanya kodi, alitangaza amri za serikali, na alikaa barazani kuhukumu.

Mwaka 1929 sheria ya mahakama za wenyeji iliyakata mabaraza hayo kutoka Mahakama Kuu. Rufaa ilitoka barazani ikaenda kwa Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, kutoka kwake kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Jaji Mkuu wa wakati huo, Sir Alison Russell, alipinga mpango huo bila mafanikio. Kwake haki ilikuwa kazi ya majaji, na kwa Cameron ilikuwa sehemu ya utawala. Mabishano hayo ya Dar es Salaam yalikuwa na matokeo ya karibu sana milimani: msomaji wa daftari la baraza hakuwa jaji bali afisa wa utawala aliyefika kwa safari, akafungua kurasa, akatazama ada na faini kama zimeingia kwenye hazina ya wenyeji, akatia sahihi na kuendelea na safari.

Hapo ndipo karani alipokuwa mkubwa.

Mndewa mara nyingi alikuwa mtu wa nasaba, na kalamu haikuwa kazi yake. Karani ndiye aliyeandika jina la mdai na la mdaiwa, kiini cha madai, maneno ya mashahidi, uamuzi na kiasi kilicholipwa. Tarishi ndiye aliyepanda na kushuka makorongo na karatasi ya wito mkononi. Mambo yaliyosemwa nusu siku kwa Kiluguru, kwa mafumbo na kukatizana, yaliingia daftarini kwa Kiswahili kifupi cha mistari michache. Yaliyobaki nje ya mistari hiyo, kwa afisa aliyesikiliza rufaa, yalikuwa kama hayakusemwa. Si lazima karani awe mwongo ili apindishe shauri. Inatosha awe na haraka, au ukurasa uwe mfupi. Na yule aliyekuwa mwongo, tusidanganyane, alikuwa na nafasi ya kutosha: wito unaochelewa kufika, jina linalorukwa, tarehe isiyoeleweka. Malalamiko ya "chai" ya karani hayakuanza juzi.

Doa kubwa zaidi la mabaraza hayo, hata hivyo, halikutoka kwa makarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Aliyekataa alikabiliwa na faini. Baraza lile lile lililotakiwa kuamua kwa haki kati ya mpwa na mtoto likageuka chombo cha kuwaadhibu watu kwa ajili ya jembe. Julai 1955 hasira zililipuka upande wa Matombo, mashariki ya milima, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukasimama. Mgeta, kwa kinyume, matuta yalishika, kwa sababu huko kilimo cha mboga cha kumwagilia kwa mifereji kiliyapa faida inayoonekana. Mkulima wa viazi, njegere na kabichi alijua anachokipata. Anayepita leo huko atayaona matuta yakiwa yamejaa mazao. Lakini sifa ya baraza kama mahali pa haki ilikuwa imeumia milima yote, na si ajabu kwamba tayari mwaka mmoja kabla ya ghasia za Matombo, miongoni mwa watu 17 walioasisi chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, alikuwemo Patrick Kunambi, Mluguru aliyejua utawala huo kwa ndani.

Mboga zilifanya jambo jingine pia. Zamani shamba lililochoka liliachwa likapumzika, na mipaka ikalegea. Kipande cha mboga chenye mfereji hakipumziki na hakilegei. Bei ya kila hatua ya ardhi ikapanda, na madai nayo.

Uhuru ulipofika, serikali mpya ilikuta nyumba mbili za haki chini ya paa moja la nchi. Upande mmoja kulikuwa na mahakama za mahakimu na majaji, upande wa pili mabaraza, ambayo tangu sheria ya 1951 yaliitwa mahakama za mitaa lakini bado yalikuwa chini ya watawala. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1964, na ngazi ikawa moja: mahakama ya mwanzo, ya wilaya, Mahakama Kuu. Mkuu wa wilaya hakuwa tena na mamlaka ya kusikiliza rufaa, na hakimu wa mahakama ya mwanzo akawa mtumishi wa mahakama, si wa mndewa. Mzumbe nayo ikabadilika na nchi. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na kwa miaka mingi mahakimu wa mahakama za mwanzo walisomea sheria pale.

Kanuni za mwenendo wa madai katika mahakama za mwanzo, Tangazo la Serikali namba 310 la 1964, ziliandikwa kwa ajili ya mtu asiye na wakili. Mdai anaweza kufika na kusema madai yake kwa mdomo, na mahakama ikayaandika. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama katika mahakama hizo. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumsikia mwananchi, na kulipatia dai lake umbo la kisheria, alikuwa mtu wa mezani pale mapokezi. Anayemwita huyu "karani tu" hajawahi kufungua kesi ya madai.

Asubuhi ya mahakama ya mwanzo haina makuu. Orodha ya mashauri imebandikwa mlangoni. Ndani kuna meza, muhuri, kitabu cha stakabadhi, rejista ya madai na majalada yaliyofungwa kwa kamba. Watu wamekaa kwenye mabenchi na nje kwenye nyasi, mdai upande huu, mdaiwa upande ule, mara nyingi wakiwa ndugu waliopanda gari moja kuja kushitakiana. Kwa miaka mingi karani alihakikisha pia wazee wa baraza wamefika, kwa sababu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilitaka hakimu akae na wazee wasiopungua wawili, na sauti zao zilihesabika sawa na ya hakimu katika uamuzi. Kisha ukelele unapigwa, "Koorti!", wote wanasimama, hakimu anaingia. Jina linaitwa mlangoni, linarudiwa. Asiyeitika ana hatari ya shauri lake kufutwa au kusikilizwa bila yeye. Hakimu anaandika mwenendo kwa mkono, neno kwa neno, na shahidi anaambiwa aseme polepole. Wito usiporudi na maelezo ya kuthibitisha kwamba ulimfikia mdaiwa, siku nzima imepotea, na mtu aliyetoka Kikeo kwa miguu anaambiwa arudi tarehe nyingine.

Wazee hao wa baraza walikuwa na uzito wa pekee Uluguru, na sababu inahitaji kuelezwa. Mwaka 1963, kwa kazi iliyoongozwa na mtaalamu wa mila Hans Cory, serikali ilichapa tamko la sheria za mila kwa Matangazo namba 279 na 436. Yaliwekwa maandishini mahari, ulezi wa watoto, urithi na wosia. Lakini tamko hilo lilikuwa la makabila yanayofuata ukoo wa baba. Waluguru, pamoja na jamaa zao wa ukoo wa mama, walibaki nje. Hakimu wa Bukoba au wa Usukumani angeweza kufungua kitabu akasoma kifungu. Hakimu aliyehamishiwa Mgeta kutoka Mara au Kilimanjaro hakuwa na kitabu. Alikuwa na wazee wawili pembeni na majalada ya mashauri yaliyotangulia kabatini.

Tofauti hiyo ni rahisi kuidharau mpaka uone kilichotokea kwa Wahaya. Shauri maarufu la Ephrahim na Pastory lilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba: mwanamke aliuza shamba alilorithi, ukoo ukasema mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jalada lilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na Jaji Mwalusanya akaamua mwaka 1990 kwamba kanuni hiyo ya ubaguzi inakwenda kinyume na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Kwa kuwa kanuni ilikuwa imeandikwa, ingeweza kunyooshewa kidole, kifungu kwa kifungu. Mila ya Mluguru, ambayo mwanamke ndiye mlango wa ardhi na mwenye kilio mara nyingi ni mtoto wa kiume anayetaka shamba la baba yake, haikuwa na kifungu cha kunyooshea. Ilikuwa na maneno ya wazee kama yalivyonukuliwa jaladani. Nukuu mbaya ilikuwa mila mbaya, angalau kwa jaji aliyeisoma akiwa mbali.

Na mbali ilikuwa mbali kweli. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo ina siku 30, ikaenda wilayani, kisha siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Kwa watu wa Morogoro, Mahakama Kuu kwa miongo mingi ilimaanisha Dar es Salaam. Jalada lilisafiri peke yake. Karani ndiye aliyelifunga, na likipotea njiani ndiye aliyeulizwa. Baada ya Wilaya ya Mvomero kumegwa kutoka Morogoro Vijijini, Tarafa ya Mgeta iliangukia Mvomero, na makao ya wilaya hiyo yako tambarare, upande wa pili wa mji. Mtu wa Nyandira anashuka mlima, anapita Morogoro mjini, ndipo anaelekea wilayani kwake. Aliyechora mpaka huo hakuwa na shauri la kusikilizwa.

Halafu ardhi yenyewe ikaondolewa mezani. Tangu Oktoba 2003 sheria mpya ya usuluhishi wa migogoro ya ardhi ilizitoa kesi za mashamba kutoka mahakama za mwanzo na kuzipeleka kwa mabaraza ya ardhi ya vijiji, ya kata na ya wilaya. Baraza la kata lilikuwa na wajumbe wanne hadi wanane, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na katibu wake. Huyo katibu, mara nyingi bila mafunzo ya sheria, alirithi kazi ya karani wa mndewa: kuandika kwa Kiswahili kifupi yaliyosemwa kwa Kiluguru kirefu. Maamuzi mengi ya mabaraza ya kata nchini yaliangushwa kwenye rufaa kwa makosa ya mwenendo, kwa mfano akidi kutotimia au majina ya wajumbe kutoandikwa. Mwaka 2021 bunge likayanyang'anya mamlaka ya kuamua, likayaachia usuluhishi tu, ndani ya siku 30. Kilichobaki mahakama ya mwanzo ni pamoja na madeni, ndoa na mirathi. Katika mirathi ukoo umejifunza kuandika: muhtasari wa kikao cha ukoo unaletwa na sahihi zake, na mjomba ambaye babu yake alisema tu, leo anaweka dole gumba.

Mabadiliko ya usimamizi wenyewe yalikuja na Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011. Kabla yake msajili, ambaye ni mwanasheria, alihangaika na sheria na pia na mafuta ya gari. Sheria hiyo iliunda cheo cha Mtendaji Mkuu wa Mahakama, Hussein Kattanga akawa wa kwanza kukishika, na ukaanzishwa Mfuko wa Mahakama. Majaji wahukumu, watendaji waendeshe. Likawekwa lengo kwamba shauri la mahakama ya mwanzo lisizidi miezi sita, la sivyo lihesabiwe mlundikano, na hapo ghafla rejista ikawa kitu cha kuhesabiwa na wakubwa. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua vituo jumuishi vya utoaji haki sita, kimojawapo Morogoro, na Mahakama Kuu ikawa na masjala yake mjini hapo. Safari ya rufaa ya Dar es Salaam ikaisha. Mwaka huo huo sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Mgeta haikuona jipya. Novemba 2023 ukaja mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, na kazi ya kusajili dai ikaanza kuhamia kwenye kompyuta. Mwenye simu anaona faida yake. Asiyejua kuutumia anamlipa kijana wa steshenari amwandikie, na hivyo kijana huyo naye ameingia katika mlolongo wa makarani, bila kiapo wala mkuu wa kumsimamia.

Linalobaki kusemwa ni ombi. Rejista za mabaraza na za mahakama za mwanzo za miaka ya mwanzo ndizo maandishi ya karibu kuliko yote juu ya mila ya ardhi ya Waluguru, zikiwa na majina ya mito, mifereji na koo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inataka kumbukumbu za umma zitunzwe, na inaruhusu zisomwe zikifikisha miaka 30. Mahakama, halmashauri na familia za waliokuwa wandewa na makarani zitazame makabatini na darini kabla panya na mvua za Uluguru hazijamaliza kazi, na kila daftari litakalopatikana lipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.